Dirisha Kwenye Karatasi: Kupanga Mchoro wa Kiwanja ili Usomwe Sawasawa

Utangulizi

Mtu anaponunua parseli mjini Kiwanja, katika eneo la Rutshuru, kilometa 70 hivi kaskazini mwa Goma, hutarajia kupewa karatasi yenye mchoro. Juu yake huwa na mistari ya mipaka, jina la barabara, mshale wa kaskazini na mahali pa kutia sahihi au kidole. Karatasi hiyo ndiyo atakayoitoa siku jirani akisogeza ua. Ndiyo atakayoipeleka kwenye ofisi ya ardhi. Ndiyo pia atakayoitafuta akirudi nyumbani baada ya kukimbia vita, na vita mji huu umeviona: mwaka 2008, tena 2012, tena 2022. Mwenye nyumba akirudi anaweza kukuta miti ya mpaka imekatwa kuni na mawe ya pembeni yameng'olewa. Linalobaki ni kumbukumbu za majirani na ile karatasi.

Siku hizi mchoro huo hutengenezwa kwa kompyuta, kwa programu za usanifu kama AutoCAD na nyingine za aina yake. Katika programu hizo kuna chombo kimoja ambacho ndicho kinachoamua kama karatasi itasema kweli au uongo. Kwa Kifaransa, lugha ambayo programu hizi hutumiwa nayo kwetu, huitwa «fenêtre». Makala hii inaeleza chombo hicho ni nini, kinafunguliwa vipi na kinatunzwa vipi. Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, inauliza pia tukiite nini kwa Kiswahili, kwa maana anayetia kidole chini ya mchoro ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoisikia.

Kwanza maneno

Kiswahili kina maneno mawili ya nasaba moja: uwanja na kiwanja. Uwanja ni mahali palipo wazi: uwanja wa mpira, uwanja wa vita, hata uwanja wa elimu. Kiwanja ni pahali palipopimwa na kuwekewa mipaka ili pajengwe au pafanyiwe kazi maalumu. Bahati imeupa mji wetu jina hilo hilo, kwa hiyo mtu anaweza kusema bila kosa kwamba ana kiwanja Kiwanja. Katika mazungumzo ya kila siku lakini, wengi husema parseli, neno lililotoka katika Kifaransa «parcelle» na kuzoea mazingira.

Neno la pili ni ramani. Kiswahili hulitumia kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga: ramani ya nchi na ramani ya nyumba. Fundi mwashi akiomba ramani, anataka mpango wa vyumba. Mtu wa ofisi ya ardhi akiomba ramani, anataka kujua parseli iko wapi na inapakana na nani. Wote wawili wako sahihi, na mchoraji anatakiwa kuwaridhisha wote, pengine kwa karatasi moja. Hapo ndipo chombo chetu kinapohitajika.

Tukiite nini? Fremu ingefaa, lakini fremu ni mbao za pembeni tu. Kitundu kingefaa kwa kuwa mtu huchungulia kwenye kitundu, ila hakina ukubwa unaopangwa. Dirisha lina sifa zote mbili: lina ukingo, na kazi yake ni kuona kilicho upande wa pili. Shida yake ni kwamba tayari kila kisanduku kinachofunguka kwenye kompyuta tunakiita dirisha. Kwa hiyo katika makala hii nitasema dirisha la mchoro, na pale ambapo hakuna mkanganyiko, dirisha tu.

Nafasi mbili

Ili kuelewa dirisha la mchoro, lazima tuelewe kwamba programu za usanifu zina sehemu mbili za kufanyia kazi. Kwa Kifaransa huitwa «espace objet» na «espace papier». Tuziite nafasi ya kitu na nafasi ya karatasi.

Katika nafasi ya kitu, kila kitu huchorwa kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita 12 huchorwa mita 12. Barabara ya upana wa mita 8 huchorwa mita 8. Hakuna kupunguza wala kukuza, kwa sababu nafasi hiyo haina mwisho. Mpimaji aliyechukua alama za pembe za parseli kwa GPS anaweza kuziingiza jinsi zilivyo. Eneo la Goma na Rutshuru liko katika kanda ya 35 Kusini ya mfumo wa UTM, kwa hiyo pembe ya parseli ya Kiwanja itakuwa na namba ya mashariki inayozidi 700,000 na namba ya kaskazini inayozidi 9,800,000, zote kwa mita. Namba hizo ni kama anwani ya pembe hiyo duniani.

Katika nafasi ya karatasi hali ni tofauti kabisa. Hapo tunaona karatasi yenyewe, kwa mfano A3 ya milimita 420 kwa 297. Hapo huwekwa mstari wa kuzunguka ukurasa na kile kisanduku cha maelezo ambacho wachoraji hukiita kartushi: jina la mwenye parseli, jina la mchoraji, tarehe, skeli na namba ya karatasi. Ardhi haipo hapo. Ili ardhi ionekane, ni lazima tutoboe dirisha katika karatasi na kutazama nafasi ya kitu iliyo nyuma yake.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. AutoCAD ilitoka Desemba 1982, na kwa miaka kadhaa mchoraji alikuwa na nafasi moja tu. Nafasi ya karatasi ilikuja na toleo la 11, mwaka 1990. Uwezo wa kuwa na karatasi nyingi katika faili moja, na wa kukata dirisha kwa umbo lolote, ulikuja na AutoCAD 2000, iliyotoka mwaka 1999. Kabla ya nafasi ya karatasi kuja, mtu aliyetaka mchoro mmoja uonekane kwa ukubwa wa aina mbili alilazimika kuunakili na kuukuza.

Wanafunzi wa lugha wanaijua hatari ya kunakili. Utenzi mmoja ukinakiliwa na watu watatu, baada ya muda una miswada mitatu isiyolingana, na mhariri hutumia miezi kutafuta upi ulitangulia. Vivyo hivyo kwa michoro: ukinakili parseli mara tatu, kisha ukarekebisha mpaka kwenye nakala moja, umezalisha ardhi tatu. Dirisha halinakili, linatazama tu. Rekebisha mpaka mara moja katika nafasi ya kitu, na madirisha yote yataonyesha mpaka mpya.

Kufungua dirisha, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa kubuni. Parseli ina upana wa mita 20 na urefu wa mita 25, yaani mita 500 za mraba. Ndani yake inajengwa nyumba ya mita 12 kwa 9. Mteja anataka karatasi moja ya A3 yenye mambo matatu: parseli ilipo katika mtaa, parseli yenyewe na mipaka yake, na mpango wa nyumba. Kazi huenda hivi:

1. Chora kila kitu katika nafasi ya kitu kwa ukubwa halisi, kwa mita. Weka mipaka, kuta, barabara, maandishi na vipimo kila kimoja katika tabaka lake. Tabaka ni kile ambacho kwenye programu ya Kifaransa huitwa «calque».

2. Fungua karatasi kwa kubonyeza kichupo kilicho chini ya kioo, kinachoitwa «présentation». Chagua mashine ya kuchapia, chagua A3, na weka skeli ya uchapaji 1:1. Ya mwisho hii ni ya msingi: karatasi huchapwa jinsi ilivyo, na mambo ya kukuza na kupunguza huachiwa madirisha.

3. Tengeneza tabaka maalumu la kingo za madirisha na uliamuru lisichapwe. Usipofanya hivyo, karatasi itatoka na visanduku vyeusi ambavyo mtu anaweza kudhani ni kuta au mipaka.

4. Toa amri ya kufungua dirisha, kisha bonyeza pembe mbili zinazokabiliana. Katika AutoCAD amri hiyo ni MVIEW. Aliye na toleo la Kifaransa anaweza kuandika _MVIEW, kwa kuwa kistari cha chini mbele ya jina huifanya programu ikubali amri ya Kiingereza katika toleo la lugha yoyote. Fungua madirisha matatu: kubwa la parseli, la nyumba, na dogo la mtaa.

5. Bonyeza mara mbili ndani ya dirisha. Ukingo wake unakuwa mnene: sasa umepita upande wa pili, unagusa ardhi yenyewe. Weka skeli, sogeza mchoro mpaka ukae katikati, kisha bonyeza mara mbili nje ya dirisha ili urudi kwenye karatasi.

6. Funga dirisha. Mchague ukingo wake, na katika orodha ya sifa zake weka kufuli.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoleta hasara. Dirisha likiwa wazi na mtu akiwa ndani yake, kuzungusha kigurudumu cha panya kidogo tu kunabadilisha skeli. Mchoro utaonekana uleule kwa macho, lakini 1:200 imegeuka kuwa 1:213 au 1:187, na kartushi bado inasema 1:200. Dirisha likifungwa kwa kufuli, kigurudumu hukuza karatasi nzima na kuiacha skeli mahali pake.

Kuna mambo machache ya matunzo ya kukumbuka. Kufuta dirisha hakufuti ardhi. Kuvuta pembe ya dirisha huongeza au kupunguza kinachoonekana bila kugusa skeli. Kunakili dirisha hunakili skeli yake pia, jambo linalookoa muda. Ukihitaji kurekebisha ukuta mdogo ndani ya dirisha lililofungwa, ipo amri ya kulipanua mpaka lijaze kioo, ukafanya kazi kwa nafasi, kisha ukalirudisha likiwa na skeli ileile.

Hesabu ya skeli

Skeli, ambayo vitabu vya jiografia pia huiita kipimio, ni ahadi. 1:200 ni kusema: kila milimita ya karatasi hii ni milimita 200 za ardhi. Hesabu yake ni nyepesi, na mteja yeyote aliyesoma shule ya msingi anaweza kuifuata. Parseli yetu ya mita 20 kwa 25 katika skeli ya 1:200 ni milimita 100 kwa 125. Nyumba ya mita 12 kwa 9 katika 1:100 ni milimita 120 kwa 90. Mtaa wa mita 500 katika 1:5,000 ni milimita 100. Vyote vitatu vinaingia katika A3, na nafasi ya kartushi inabaki.

Lakini kuna mtego. Programu nyingi zina orodha ya skeli zilizo tayari, na katika orodha hiyo kuna 1:100 na 1:200. Orodha hiyo huchukulia kwamba karatasi na ardhi zimepimwa kwa kipimo kimoja. Sisi tumechora ardhi kwa mita na karatasi iko kwa milimita. Tukichagua 1:100 ya orodha, programu itafanya milimita moja ya karatasi iwe mita 100 za ardhi, yaani 1:100,000, na nyumba yetu itakuwa nukta isiyoonekana.

Dawa ni kuzidisha kwa 1,000, kwa kuwa mita ina milimita 1,000. Gawanya 1,000 kwa namba ya skeli, na jibu ndilo unaloipa programu:

Kwa 1:5,000 ni 0.2.
Kwa 1:200 ni 5.
Kwa 1:100 ni 10.
Kwa 1:20, kwa mfano mchoro wa msingi wa ukuta, ni 50.

Katika AutoCAD, ukiwa ndani ya dirisha, amri ya ZOOM hupokea namba hiyo ikifuatwa na herufi XP, mfano 5XP. Njia nyingine ni kuongeza skeli zako mwenyewe katika orodha, ukazipa majina yanayoeleweka, na kuziacha humo kwa kazi zijazo.

Kila dirisha na linachoonyesha

Madirisha matatu yanatazama ardhi moja, lakini si lazima yaone mambo yaleyale. Dirisha la mtaa halihitaji vitanda na milango ya nyumba. Dirisha la parseli linahitaji pembe na mipaka, ila halihitaji vipimo vya jikoni. Hapo matabaka yanaonyesha faida yake.

Tabaka linaweza kuzimwa katika faili nzima, na hapo linapotea kila mahali. Linaweza pia kugandishwa katika dirisha moja tu, na madirisha mengine yakaendelea kulionyesha. Ili kufanya hivyo, ingia ndani ya dirisha unalolitaka, fungua orodha ya matabaka, na utumie safu ya kugandisha inayohusu dirisha lililo wazi, si ile ya faili nzima. Alama zake zinafanana, na anayezichanganya hushangaa kuona mipaka imetoweka katika karatasi zote.

Hapa pana jambo linalozidi ufundi. Mwenye uwezo wa kugandisha tabaka ana uwezo wa kunyamaza. Njia ya miguu inayopita kwenye kona ya parseli, kaburi la familia, kisima kinachotumiwa na majirani: vyote vinaweza kuwa vimechorwa vizuri katika nafasi ya kitu, na bado visionekane kwenye karatasi inayotiwa sahihi. Mteja hawezi kuuliza juu ya kitu ambacho hakioni. Kwa hiyo ni desturi njema kuandika katika kartushi ni mambo gani hayakuonyeshwa, au angalau kumwonyesha mwenye parseli mchoro mzima kwenye kioo kabla ya kuchapa.

Dirisha pia linaweza kukatwa kwa umbo lisilo la mstatili. Chora umbo unalotaka kwenye karatasi, duara au pembe nyingi, kisha uigeuze kuwa dirisha. Umbo la duara hufaa kwa kuonyesha kona moja kwa karibu, kwa mfano pale ambapo parseli mbili zinabishana.

Kugeuza dirisha, si kugeuza ardhi

Barabara kuu, ile Barabara ya Taifa namba 2 inayotoka Goma kupita Rutshuru na Kiwanja kuelekea Kanyabayonga na Butembo, haifuati ukingo wa karatasi ya mtu. Parseli zinazoiegemea nazo zimelala upande. Mchoraji anataka parseli isimame wima kwenye karatasi ili maandishi yasomeke vizuri, na kishawishi cha kwanza ni kushika mchoro wote katika nafasi ya kitu na kuuzungusha.

Kufanya hivyo ni kuhamisha ardhi. Zile namba za mashariki na kaskazini zilizopimwa kwenye pembe hazitakuwa za pembe hizo tena. Siku mpimaji mwingine akizisoma katika faili na kuziingiza kwenye GPS yake ili arudishe mawe ya mpaka yaliyong'olewa, atatembea mpaka ndani ya shamba la mtu mwingine, na kifaa kitamwambia kwamba amefika.

Njia sahihi ni kuuzungusha mtazamo ndani ya dirisha. Ardhi inabaki pale pale, anayegeuza kichwa ni mtazamaji. Katika AutoCAD hufanywa kwa kugeuza mfumo wa mihimili kisha kuuambia mtazamo uufuate, au kwa amri ya kupindisha mtazamo. Mshale wa kaskazini nao uchorwe katika nafasi ya kitu na kutazamwa kupitia dirisha, ili ugeuke pamoja na ardhi. Mshale uliobandikwa kwenye karatasi utaendelea kuelekea juu hata pale ambapo kaskazini iko kushoto.

Maandishi na mistari

Herufi zenye urefu wa milimita 2.5 kwenye karatasi husomeka bila miwani. Lakini maandishi yakiwa katika nafasi ya kitu, ukubwa wake hutegemea dirisha. Ili yatoke milimita 2.5 katika 1:200, yanatakiwa kuwa na urefu wa nusu mita ardhini. Katika 1:100 ni robo mita. Maandishi yaleyale yakitazamwa na madirisha mawili yatakuwa madogo katika moja na makubwa katika jingine.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuandika majina na maelezo katika nafasi ya karatasi, ambako milimita 2.5 ni milimita 2.5. Ni rahisi, lakini ukisogeza mchoro ndani ya dirisha, maandishi hayafuati, na jina la jirani wa mashariki linaweza kuangukia kwa jirani wa kusini. Ya pili ni kutumia maandishi yanayojirekebisha kulingana na skeli ya kila dirisha, uwezo ulioingia katika AutoCAD 2008. Kwa majina ya majirani na vipimo vya mipaka, njia hii ya pili ni salama zaidi. Mistari ya vidoti nayo ina kigezo chake, PSLTSCALE. Kikiwa 1, vidoti hutoka sawa katika madirisha yote.

Karatasi inapofika kwenye mashine ya kopi

Kazi yote hiyo inaweza kuharibika katika dakika moja ya mwisho. Wachoraji wengi hawana mashine ya A3. Huhifadhi karatasi kama PDF, huitia kwenye USB na kwenda nayo mahali pa kopi. Aliyeko kwenye mashine ana A4 tu, naye kwa nia njema anachagua mchoro ujipange uingie kwenye karatasi. Matokeo yanapendeza macho. Kila kitu kipo, hata kartushi inayosema 1:200.

Tupime. Kutoka A3 kwenda A4 urefu hupungua mpaka asilimia 71 hivi. Upande uliokuwa milimita 125 sasa ni 88, na uliokuwa 100 sasa ni 71. Mtu akichukua rula na kuamini kartushi, atapata parseli ya mita 17.7 kwa 14.1. Zidisha: ni mita za mraba 250. Parseli ya mita 500 imebaki nusu, na hakuna aliyeiba.

Kinga ni tatu. Chapisha kwa ukubwa halisi, asilimia 100, bila kuruhusu mashine ikubanie. Andika vipimo vya kila upande kwa namba kwenye mchoro, kwa kuwa namba hazipungui karatasi ikipungua. Na weka mstari wa skeli, ule ulio kama rula, wenye alama za mita 0, 5, 10 na 20, kando ya kila dirisha. Karatasi ikipunguzwa, mstari huo nao unapungua kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo unaendelea kusema kweli pale ambapo maandishi «1:200» yameanza kudanganya. Kisha, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, weka rula juu ya mstari huo na uhakikishe.

Kwa asiye na pesa za programu

AutoCAD ni ghali, lakini wazo la dirisha si mali yake. QGIS, programu ya bure ya ramani, ina ukurasa wa kupanga uchapaji ambako unaweza kuweka ramani kadhaa katika karatasi moja, kila moja na skeli yake, na kufunga matabaka ya kila moja yasibadilike. FreeCAD, nayo ya bure, ina sehemu ya kupanga mitazamo kwenye karatasi. Majina ya vitufe hutofautiana, ila maswali ni yaleyale: ninatazama nini, kwa skeli gani, matabaka yapi yanaonekana, na je, nimefunga?

Kumweleza mwenye parseli

Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Dola, na raia hupata haki ya kuitumia. Haki hiyo huthibitishwa na hati ya usajili, ambayo kwa Kifaransa ni «certificat d'enregistrement». Njia ya kuifikia hati hiyo hupitia kupima, kuweka mawe ya mpaka na kuchora. Karatasi zenyewe huandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi, huku Katiba ya 2006 ikikitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Kati ya lugha hizo mbili yuko mtu anayeulizwa kama amekubali.

Mchoraji anayemheshimu hasomi kartushi kwa sauti na kumpa wino. Anaweza kusema hivi: «Mama, kwenye hii karatasi tumefungua madirisha tatu. Hili dogo linaonyesha parseli yako iko fasi gani mtaani. Hili kubwa ni parseli yenyewe: huu upande wa barabara una metre makumi mbili, huu wa Papa jirani una makumi mbili na tano. Hili la tatu ni nyumba. Zote ni parseli moja, tumeitazama kwa mbali na kwa karibu. Chukua rula, tupime pamoja.» Hakuna neno gumu hapo. Neno dirisha limefanya kazi yake bila kuomba kamusi, na Mama huyo sasa anaweza kuuliza: mbona dirisha hili halionyeshi njia ya kwenda mtoni?

Hitimisho

Dirisha la mchoro ni chombo kidogo: ukingo, skeli, orodha ya matabaka na kufuli. Ukichora kwa ukubwa halisi, ukafungua dirisha moja kwa kila msomaji unayemkusudia, ukahesabu skeli kwa kipimo sahihi, ukageuza mtazamo badala ya ardhi, ukafunga, ukachapa kwa ukubwa halisi na kupima kwa rula, karatasi yako itasema kile ambacho ardhi inasema.

Kwa upande wetu wa lugha kazi bado ipo. Maneno kama nafasi ya kitu, dirisha la mchoro na mstari wa skeli yatafaa tu yakijaribiwa mdomoni mwa mpimaji, mwashi na mwenye parseli. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti anaweza kwenda kusikiliza wanavyoitana vitu hivyo kazini, akaandika, akalinganisha na tunavyopendekeza darasani. Msamiati utakaopatikana hapo utamsaidia mtu kujua amesaini nini.